Jinsi ya Kusoma Bango la Hatifungani za Vita: Anza na Fedha, Picha Baadaye

Mabango ya hatifungani za vita yamejaa mtandaoni. Mtu analikuta bango la mwaka 1918 lenye Sanamu ya Uhuru iliyokatika kichwa, analipakua, analiweka kwenye slaidi za somo la Vita Kuu ya Kwanza, kisha chini yake anaandika "propaganda ya Marekani". Kazi imeachwa hapo kabla haijaanza. Bango lile ni ombi la mkopo. Nyuma ya moto na moshi kuna kiwango cha riba, kuna tarehe ya mwisho ya kununua, na kuna waziri wa fedha anayetafuta mabilioni ndani ya wiki tatu. Asiyeyajua hayo anabaki kusisimkwa na picha, yaani anafanyiwa kilekile ambacho bango lilikusudia kumfanyia mtu wa mwaka 1918.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa historia, mwanafunzi anayeandika tasnifu, mtu wa makumbusho, na yeyote anayefikiria kununua bango la karatasi kwa fedha zake. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukianza na picha, maelezo yako yote yataegemea hisia, na ni vigumu kurudi nyuma.

Kwanza, elewa kilichokuwa kinauzwa

Hatifungani ni hati ya deni. Unaikopesha serikali, nayo inakuandikia itakulipa riba kiasi gani na itarudisha mtaji lini. Wanaofuatilia minada ya Benki Kuu ya Tanzania wanalijua jambo hili vizuri, na Kenya mwaka 2017 iliuza hatifungani ya M-Akiba kwa simu kuanzia shilingi 3,000, ili mwananchi wa kawaida naye aweze kuikopesha serikali.

Wakati wa vita serikali hupata fedha kwa njia tatu: kodi, kuchapa noti, au kukopa. Kukopa kwa wananchi wake kunaipa faida mbili kwa mpigo. Inapata fedha za kununulia mizinga, na papo hapo inaziondoa fedha hizo mikononi mwa watu wakati ambapo madukani hakuna bidhaa za kutosha; zingebaki mitaani, bei zingepaa. Henry Morgenthau, Waziri wa Fedha wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili, aliona pia faida ya tatu: aliyenunua hatifungani anajihesabu kuwa mshiriki wa vita. Kwa hiyo unapolitazama bango, kumbuka kwamba huenda linauza vita kwa kutumia hatifungani, na si hatifungani kwa kutumia vita.

Hatua ya 1: Pata nakala isiyokatwa kingo

Nakala nyingi zinazosambaa kwenye mitandao ya kijamii zimekatwa kingo ili picha ipendeze. Hasara yake ni kubwa, kwa sababu taarifa muhimu zaidi zimechapwa kwenye kingo hizo, hasa ukingo wa chini. Nenda kwenye hifadhi zenyewe: Library of Congress ya Washington, Imperial War Museums ya London, National Archives ya Marekani, na maktaba ya Northwestern University ambayo ina mkusanyiko mzuri wa mabango ya Vita Kuu ya Pili. Pakua faili kubwa kuliko yote iliyopo. Kwa Library of Congress hiyo huwa ni TIFF (aina ya faili kubwa la picha), na ukiikuza unaweza kusoma hata jina la mpiga chapa.

Ukitafuta, tumia jina la mkopo kwa lugha yake. Andika "Fourth Liberty Loan", "Kriegsanleihe" au "emprunt de la défense nationale". Ukiandika maneno ya jumla utaletewa mabango ya kuandikisha askari, ya kubana chakula na ya Msalaba Mwekundu, yote yamechanganyika.

Kabla ya kufunga ukurasa, nakili namba ya kumbukumbu ya hifadhi. Faili likiishi kwenye kompyuta yako miaka miwili bila namba hiyo, halina ukoo.

Hatua ya 2: Soma maandishi madogo kabla ya makubwa

Funika picha kwa mkono ikibidi. Tafuta mambo manne: nani ametoa bango, anauza kitu gani, ni mkopo wa ngapi, na nani amelichapa.

Kwenye mabango ya Marekani ya 1917 hadi 1919 utakuta jina la kampuni ya lithografia (uchapaji wa picha kwa jiwe au bamba) chini kabisa, na mara nyingi saini ya mchoraji ndani ya picha. Wachoraji wengi walijitolea kupitia Kitengo cha Picha cha Kamati ya Habari za Umma, kilichoongozwa na mchoraji Charles Dana Gibson. Mabango ya 1942 hadi 1945 yana alama za aina nyingine: maneno "U.S. Government Printing Office" yakifuatwa na mwaka na namba, na mara nyingi kifupi cha ofisi. WSS na WFD ni za Wizara ya Fedha. OWI ni Ofisi ya Habari za Vita. Ukiona mwaka umechapwa hapo, umeshapata tarehe bila kubahatisha.

Swali la kinachouzwa ndilo linalowapoteza watu wengi. Si kila bango la fedha wakati wa vita ni la hatifungani. Chukua bango maarufu la Abel Faivre la mwaka 1915, ambalo jogoo wa Ufaransa anachomoka kwenye sarafu ya dhahabu na kumvamia askari wa Kijerumani. Linaorodheshwa mara kwa mara kama bango la mkopo, lakini linaomba kitu kingine: raia wapeleke sarafu zao za dhahabu wabadilishiwe kwa noti. Au chukua bango la Charles Fouqueray la 1917, lenye askari wa makoloni ya Ufaransa wakishambulia. Hilo ni la siku ya michango kwa ajili ya Jeshi la Afrika na askari wa makoloni. Ukitoa mchango hurudishiwi. Ukinunua hatifungani unadai. Kuyachanganya hayo mawili ni kukosea tangu msingi.

Tenganisha pia hatifungani na stempu za akiba. Hatifungani ndogo kabisa ya Mkopo wa Uhuru (Liberty Loan, jina la mikopo ya Marekani ya Vita Kuu ya Kwanza) ilikuwa dola 50, fedha nyingi kwa kibarua wa wakati ule. Ndiyo maana Marekani ilitoa stempu za senti 25. Unabandika 16 kwenye kadi, zinakuwa dola 4, unaongeza senti kadhaa, unapewa stempu kubwa ambayo ingelipwa dola 5 tarehe 1 Januari 1923. Mabango yenye watoto wa shule kwa kawaida yanauza stempu hizi. Bango la Haskell Coffin linalomwonyesha Joan wa Arc akiwa ameinua upanga lilikuwa la stempu, na liliwalenga wanawake.

Hatua ya 3: Tambua ni mkopo upi hasa

Mikopo ilikuja kwa awamu, na kila awamu ilikuwa na hali yake ya vita. Ukishaijua awamu, umejua mwezi, na ukijua mwezi unajua watu walikuwa wanasoma nini magazetini.

Marekani, Vita Kuu ya Kwanza:
- Mkopo wa kwanza wa Uhuru, katikati ya 1917, riba asilimia 3.5
- Wa pili, Oktoba 1917, asilimia 4
- Wa tatu, Aprili 1918, asilimia 4.25
- Wa nne, 28 Septemba hadi 19 Oktoba 1918, asilimia 4.25
- Mkopo wa Ushindi, Aprili na Mei 1919, asilimia 4.75

Huo wa mwisho ulitolewa vita vimeshakwisha, na mabango yake yanaonyesha hivyo: askari wanarudi, kazi inamaliziwa. Bango la Gerrit Beneker lina fundi aliyevaa ovaroli, mkono mfukoni akitoa fedha, na kifuani amebandika vifungo (beji) vya mikopo iliyotangulia. Asiyejua kwamba mikopo minne ilishapita hawezi kuona vifungo vile vinasema nini: mimi nimenunua kila mara, na hii nanunua tena.

Ujerumani ilitoa mikopo tisa, mmoja kila baada ya miezi sita, kuanzia Septemba 1914. Mabango yake mara nyingi hutaja namba, na bango la Fritz Erler utakalolikuta chini ni la mkopo wa sita, mwaka 1917. Ufaransa ilitoa mikopo minne mikubwa, mmoja kila mwaka kuanzia Novemba 1915. Uingereza ilianza Novemba 1914 kwa asilimia 3.5, ikarudi 1915 kwa 4.5, kisha mapema 1917 kwa 5. Tazama riba zinavyopanda. Serikali inayopandisha riba mwaka hadi mwaka inakiri kwamba uzalendo peke yake hautoshi kuwatoa watu fedha, hata kama bango linazungumzia uzalendo tu.

Katika Vita Kuu ya Pili, Marekani iliendesha kampeni nane kuanzia mwisho wa Novemba 1942 hadi Desemba 1945. Kuna kidokezo kizuri cha tarehe hapa: kabla ya shambulio la Pearl Harbor hati hizi ziliitwa "Defense Bonds", baada ya Marekani kuingia vitani zikawa "War Bonds". Bango lenye jina la kwanza kwa kawaida ni la 1941 au mwanzoni mwa 1942. Na bango la C. C. Beall lenye askari wakisimamisha bendera kisiwani Iwo Jima haliwezi kuwa la kabla ya 23 Februari 1945, siku ambayo Joe Rosenthal alipiga picha iliyochorwa pale. Lilikuwa la kampeni ya saba, ambayo lengo lake lilikuwa dola bilioni 14 ikaishia na zaidi ya bilioni 26.

Hatua ya 4: Piga hesabu

Chukua kalamu. Hatua hii haihitaji kuwa mchumi.

Hati ya akiba ya Uingereza iliyoanza kuuzwa 1916 ilinunuliwa kwa shilingi 15 na peni 6, na baada ya miaka mitano ililipwa pauni moja, yaani shilingi 20. Ukiihesabu faida hiyo kwa riba ya kujirudia (riba juu ya riba) unapata karibu asilimia 5.2 kwa mwaka. Kwa mwenye akiba ndogo hiyo ilikuwa ofa nzuri.

Sasa linganisha na hatifungani ya Mfululizo E ya Marekani, iliyozinduliwa 1 Mei 1941. Ulilipa dola 18.75, ukalipwa dola 25 baada ya miaka kumi. Hiyo ni asilimia 2.9 kwa mwaka. Ahadi yake ni robo tatu ya bei leo, bei kamili kesho, na ni kweli. Mtaji wako unaongezeka kwa theluthi moja. Lakini bei za bidhaa Marekani zilipanda kwa zaidi ya asilimia 60 kati ya 1942 na 1952. Aliyenunua 1942 akasubiri hadi 1952 alirudishiwa dola nyingi zaidi zenye uwezo mdogo zaidi wa kununua. Alipata hasara, na hakuna neno hata moja kwenye bango lililokuwa la uongo.

Ndiyo sababu nasisitiza hesabu. Wanafunzi wakiambiwa "propaganda" wanatafuta uongo. Wakishika kalamu wanagundua kwamba bango linaweza kusema kweli tupu na bado likaacha nje jambo ambalo mnunuzi alihitaji kulijua kuliko yote.

Hatua ya 5: Sasa itazame picha

Jiulize maswali matatu kwa mfuatano. Nani ananitazama, au hanitazami? Picha inataka nihisi nini: hofu, aibu, fahari, au deni? Na kati ya hisia hiyo na kununua hatifungani, ni daraja gani limejengwa?

Tuchukue bango la Joseph Pennell la mkopo wa nne, 1918. Mbele kabisa ni Sanamu ya Uhuru, haina kichwa. Kichwa kimeanguka majini chini ya msingi wake, na mwenge umevunjika. Nyuma yake jiji la New York linawaka, anga lote ni rangi ya chungwa na moshi, na ndege za adui zinapita juu. Chini kuna maneno yaliyotoka kwenye hotuba ya Rais Lincoln ya Gettysburg, yamebadilishwa kidogo: uhuru usitoweke duniani. Kisha, nunua hatifungani.

Hakuna anayekutazama humu. Hakuna mtu hata mmoja. Hofu inaachwa ifanye kazi peke yake. Na hapa ndipo maarifa ya wakati huo yanapohitajika: mwaka 1918 hakukuwa na ndege yoyote duniani iliyoweza kuvuka Atlantiki bila kutua. Safari ya kwanza ya aina hiyo ilifanywa na marubani Alcock na Brown mwezi Juni 1919, kwa kuelekea mashariki, na kwa taabu kubwa. Ndege alizochora Pennell zisingeweza kufika New York. Nyambizi za Kijerumani, kwa upande mwingine, zilifika pwani ya Marekani mwaka huohuo na kuzamisha meli. Kwa hiyo hofu ilikuwa na mzizi wa kweli, lakini mchoraji aliihamisha kutoka baharini hadi angani, juu ya majengo ambayo kila Mmarekani aliyatambua. Uhamisho huo ndio propaganda yenyewe. Mwonyeshe mwanafunzi wako mahali ulipofanyika.

Liweke kando ya bango la Fritz Erler. Askari mmoja wa Kijerumani, kofia ya chuma kichwani, barakoa ya gesi imening'inia kifuani, mabomu ya mkono kwenye mfuko, seng'enge nyuma yake. Rangi ni za tope. Macho yake meupe yanang'aa yakitazama mbali, kupita bega la anayemwangalia. Maneno ni machache: tusaidieni tushinde. Hakuna adui kwenye picha wala moto. Kinachokubana ni kwamba mtu huyu yuko handakini tangu asubuhi, nawe umesimama barabarani una fedha mfukoni. Hii ni hisia ya deni, na ina nguvu kuliko hofu kwa sababu haiishi hatari ikipungua. Kwangu mimi hili ndilo bango zito kuliko yote ya vita vile, upande wowote.

Kwa mfano wa aina ya tatu, tazama bango la Lawrence Beall Smith la 1942. Watoto watatu wako kwenye nyasi: mmoja na kofia ya gazeti, mwingine ameshika ndege ya kuchezea, msichana ana mwanasesere. Kivuli cha swastika, alama ya Wanazi, kinatambaa kuelekea kwao. Hapa mzazi hapewi nafasi ya kufikiri. Muulize mwanafunzi: kama hatifungani isingenunuliwa, kivuli kingewafikia kwa njia gani? Akijaribu kujibu ataona mwenyewe daraja lilivyo jembamba.

Hatua ya 6: Tafuta aliyelengwa, na aliyebanwa

Kila bango lina mtu wake. Bango la J. C. Leyendecker la mkopo wa tatu linamwonyesha skauti akimkabidhi upanga mwanamke anayewakilisha taifa, kwa sababu maskauti walipita nyumba kwa nyumba wakiuza hatifungani. Mabango mengine yaliwaendea wahamiaji, yakiwakumbusha siku walipoiona Marekani kwa mara ya kwanza kutoka melini. Mwaka 1943 lilitolewa bango lenye rubani Mweusi wa kikosi cha Tuskegee akiangalia juu, lilichorwa na Betsy Graves Reyneau, likiwaomba watu wanunue hatifungani ili marubani waendelee kuruka. Jeshi lilelile lilikuwa bado linawatenga askari Weusi na Weupe. Ukilionyesha darasani bila kusema hilo, umesaidia bango kuficha.

Usisahau pia kwamba karatasi ukutani ilikuwa sehemu ndogo tu ya shinikizo. Marekani ya 1917 na 1918 ilikuwa na maelfu ya wasemaji wa kujitolea waliosimama kwenye kumbi za sinema na kuhutubia kwa dakika nne wakati mikanda ya filamu ikibadilishwa. Uingereza ilizungusha vifaru vya kweli mijini, watu wakipanga foleni kununua hati pembeni mwake. Kimoja kiliwekwa Trafalgar Square mwishoni mwa 1917. Na kulikuwa na ukatili. Wamenno wa Marekani ya kati, ambao imani yao inakataza vita, walisumbuliwa kwa kukataa kununua, na baadhi yao mali zao zilipakwa rangi ya njano, rangi ya woga. Mabango yaliyouliza raia kama yeye ni Mmarekani kwa asilimia 100 yalikuwa yanazungumza na majirani wa watu hawa. Lisome bango kama lilivyosomwa na aliyeogopa kutonunua.

Hatua ya 7: Uliza nani alilipwa

Hatua hii wengi huiruka, nami naiona kuwa ndiyo inayotoa maana ya zote. Bango ni ahadi. Ahadi ilitimizwa?

Urusi haikutimiza. Serikali ya Muda ilitoa Mkopo wa Uhuru wake mwaka 1917, na Boris Kustodiev akauchorea bango la askari mwenye bunduki. Mwanzoni mwa 1918 Wabolsheviki, wakomunisti waliotwaa madaraka, waliyakana madeni ya dola iliyopita.

Ujerumani ilikusanya takriban marki bilioni 98 kutoka kwa watu wake. Kisha ukaja mfumuko wa bei wa 1923. Hatifungani ya marki 1,000, akiba ya miaka ya mwalimu au karani, haikuweza tena kununua mkate. Waliopoteza zaidi ni wale walioyaitikia mabango kwa moyo wote.

Marekani ililipa, lakini kwa namna yake. Hatifungani za Uhuru ziliahidi malipo ya dhahabu. Mwaka 1933 Bunge likafuta sharti hilo, na mwaka 1935 Mahakama Kuu ikasema serikali ilikosea kuvunja ahadi, ila mwenye hatifungani hana fidia ya kudai. Kabla ya hapo, kufikia 1920, bei yake sokoni ilishaporomoka chini ya thamani iliyoandikwa. Aliyelazimika kuuza wakati huo kwa sababu ya shida alikatwa.

Uingereza mwaka 1932 iliwaomba wenye mkopo wa asilimia 5 wakubali 3.5, na wengi mno walikubali. Masalia ya deni hilo yalilipwa tarehe 9 Machi 2015, karibu miaka mia moja baadaye, kwa zaidi ya watu na taasisi 120,000 waliokuwa bado wanazishika.

Na kuna mkopo wa Novemba 1914. Uingereza ilitaka pauni milioni 350, magazeti yakatangaza kwamba umma umeitikia kupita kiasi. Mwaka 2017 watafiti waliopekua vitabu vya Benki Kuu ya Uingereza walionyesha kwamba umma ulitoa pauni milioni 91.1 tu, na benki ilijaza pengo kwa siri, hati zikiandikwa kwa majina ya wakuu wake wawili. Kwa hiyo usiandike kamwe "bango hili lilifanikiwa" eti kwa sababu mkopo ulijaa. Mkopo kujaa si ushahidi wa nguvu ya bango. Hata katika kampeni za Marekani za 1942 hadi 1945, sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa mabenki, kampuni za bima na mashirika, ambayo hayakuhitaji picha ya watoto kwenye nyasi.

Hatua ya 8: Kama unanunua karatasi yenyewe

Nakala za kisasa ni nyingi na nyingine zinauzwa kama halisi. Kagua hivi.

Tumia kioo cha kukuzia, mara kumi inatosha. Lithografia ya Vita Kuu ya Kwanza huonyesha chembechembe zisizo na mpangilio, kama alama ya krayoni. Ofseti (uchapaji wa mashine) ya Vita Kuu ya Pili huonyesha nukta zilizopangwa kwa safu. Chapa ya printa ya wino ya leo ni vitone vidogo vilivyonyunyizwa ovyo. Bango la "1918" lenye vitone vya kunyunyizwa, liache.

Omba taa ya zambarau (UV), ileile wanayokagulia noti madukani. Karatasi za kisasa zimetiwa kemikali ya kung'arisha iliyoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, zinawaka bluu nyeupe chini ya taa hiyo. Karatasi ya 1918 haiwaki.

Pima. Linganisha vipimo na vile vilivyoandikwa na hifadhi. Nakala nyingi zimepunguzwa. Alama za mikunjo zisikutishe: mabango ya Marekani ya 1942 hadi 1945 yalikunjwa na kutumwa kwa posta, kwa hiyo lisilo na mkunjo ndilo la kuulizwa maswali zaidi. Bango lililobandikwa kwenye kitambaa nalo si la kughushi kwa sababu hiyo tu. Ni njia ya kawaida ya kuhifadhi.

Ukishalipata na unaishi Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, adui yako ni unyevu na wadudu. Usilitie laminesheni wala gundi ya utepe. Liweke bapa ndani ya jalada la karatasi isiyo na asidi, mahali palipoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa nje na dirisha.

Hatua ya 9: Andika maelezo, kisha kagua haki za matumizi

Maelezo ya chini ya picha yabebe mpangilio uleule: mtoaji, kinachouzwa, mkopo na masharti, mchoraji, picha, hatima. Mfano:

"Bango la Wizara ya Fedha ya Marekani kwa mkopo wa nne wa Uhuru, Septemba na Oktoba 1918, riba asilimia 4.25. Mchoraji Joseph Pennell. Linaonyesha New York ikishambuliwa kwa ndege, jambo lisilowezekana kwa ndege za wakati huo. Hatifungani hizi ziliahidi malipo ya dhahabu. Ahadi hiyo ilifutwa mwaka 1933."

Maneno hayafiki hamsini, na mwanafunzi anaweza kuanza mjadala kutoka kwenye sentensi yoyote kati ya hizo.

Kuhusu haki: kazi zilizotengenezwa na watumishi wa serikali kuu ya Marekani hazina hakimiliki nchini humo, na mabango ya Vita Kuu ya Kwanza ya Library of Congress kwa kawaida huandikwa kwamba hakuna vizuizi vinavyojulikana vya kuyachapisha. Picha za Imperial War Museums zina leseni yake, na matumizi ya biashara huhitaji ruhusa, kwa hiyo soma masharti ya kila picha kabla ya kuitia kwenye kitabu. Mabango ya 1942 na kuendelea yaliyochorwa na wasanii wa nje kwa kibali maalumu yakaguliwe moja moja. Yale ya Norman Rockwell kuhusu uhuru wa aina nne yalianza kama michoro ya jarida la Saturday Evening Post mwaka 1943, na haki zake zina njia tofauti.

Mabango yenye michoro ya kudhalilisha Wajerumani kama majitu, au Wajapani kama wanyama, yatakufikia tu ukifanya kazi hii kwa muda. Yahifadhi na uyafundishe, lakini usiyaweke ukutani wala kwenye jalada la kitabu bila maelezo yaliyobandikwa hapohapo, kwenye ukurasa uleule, kwa herufi zinazosomeka bila kuinama.